Mnyororo Ulioishia kwa Mama

Nimevuka miaka hamsini, na karibu yote nimeiishi hapa Lubumbashi, lakini bado sijakutana na mwenyeji wa mji huu asiyejua jinsi ulimwengu ulivyoanza. Wasiojua umeme utarudi saa ngapi ni wengi, na wenye kuusimamia umeme huo wamo miongoni mwao. Wasiojua mashimo ya barabara yao yatafukiwa lini ni wengi zaidi. Lakini mwulize fundi viatu, mwulize mama anayeuza makaa, mwulize profesa anayengoja teksi juani pale Kasapa: kila mmoja atakusimulia mwanzo wa mbingu na nchi kana kwamba alikuwapo, tena katika safu ya mbele.

Nina haki ya kuwadharau, kwa kuwa mimi mwenyewe ni mmoja wao. Nilisoma falsafa chuo kikuu, na tangu hapo ninawafundisha wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari. Kila mwaka, mvua zinapoanza kugonga mabati ya darasa hata sauti yangu isisikike, huandika ubaoni hoja ileile. Kila kinachoanza kuwako kina kilichokisababisha. Hicho nacho kina chake, na chake kina chake. Mnyororo huo hauwezi kurudi nyuma bila kikomo. Lazima uishie mahali, na hapo unapoishia, wasema wenye hoja, ndipo penye Mungu. Wanafunzi huinakili kwa utulivu, huipigia mstari kwa rula, na siku ya mtihani hunirudishia neno kwa neno. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini iwe lazima.

Baba yangu ndiye aliyewahi kuuliza. Alikuwa turneri, fundi wa kukereza vyuma katika karakana ya mgodi, na nilipomletea hoja hiyo kutoka chuoni, nikiwa na umri wa miaka ishirini na kiburi cha sitini, aliisikiliza hadi mwisho huku akisafisha miwani yake kwa pindo la shati.

“Ni kweli, chuma hakijikereze,” akasema. “Mashine njo inakikereza. Na mashine, mashine ingine njo iliikereza. Sasa ile ya kwanza kabisa, mwanangu, sijue. Ile siku miye sikukuwa ku kazi.”

Nilimcheka. Nilimwona mzee wa mafuta na vumbi la chuma ambaye akili yake inakomea mlangoni pa karakana. Leo, kati ya wote niliowasikia wakilizungumzia jambo hilo, wenye joho na wasio na joho, yeye ndiye pekee ninayemkumbuka akikiri kwamba hakuwapo.

Aliyeipenda hoja yangu ni mdogo wake baba, baba mdogo wangu. Wakati huo alikuwa ameshuka kutoka Mitwaba, ameacha shamba la mihogo, ameanzisha kanisa chini ya turubai kule Annexe, pembezoni mwa mji. Watu wa shamba aliwaweza, lakini waumini wa mjini walimsumbua kwa maswali. Akaja kwangu akaniomba “kintu ya kufunga kinywa ya bantu ya masomo.” Nikaona fahari. Nikachukua silabusi, yaani kile kitabu cha maelezo ya mwalimu ambacho kwetu mwanafunzi hukinunua na kukikariri kama katekisimu, nikamwandikia hoja yote kwa mkono wangu, kwa wino wa buluu, kila hatua na nambari yake. Silabusi yenyewe, kwa haki, ilikuwa na ukurasa mmoja zaidi: mapingamizi. Nilipofika hapo baba mdogo akanishika mkono.

“Ile acha. Itabavuruga kondoo.”

Nikaiacha. Akaziweka karatasi zile katika jalada la plastiki, na kwa miaka thelathini akazihubiri. Kanisa likapata kuta, likapata vipaza sauti, na majirani wa Annexe hawakupata tena usingizi wa Jumapili mchana. Ukiniuliza kosa kubwa la maisha yangu ya kisomi, sitakutajia tasnifu yangu, ingawa ilikuwa mbaya. Nitakutajia ukurasa ule.

Baba alikufa mwanzoni mwa kiangazi, kwa ugonjwa wa sukari. Aliugua miaka tisa, na miaka yote tisa alimdanganya daktari, alimdanganya mama, aliificha soda nyuma ya boksi la vifaa vyake. Hilo lilijulikana na kila mtu, hata na baba mdogo. Siku yake ya mwisho aliomba munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi ambacho bibi zetu walikichachusha na sisi twakitia sukari, na mama akampa kikombe. Akanywa, akashukuru, akalala, hakuamka.

Kilio kikaanza. Kwetu mfiwa mwanamke huketi chini, juu ya mkeka, kitambaa kichwani, na hanyanyui sauti isipokuwa kulia. Hajibu, haulizi, hajitetei. Anaweza kusemwa siku saba mbele ya uso wake, na kazi yake ni kutazama miguu ya wasemaji. Mama alikaa hivyo, miaka sabini na mitatu, magoti yake mabovu yamekunjwa.

Nje, chini ya turubai, wanaume walikaa kwenye viti vya plastiki wakichunguza asili ya ulimwengu.

Sitanii. Baba mdogo alikuwa upande mmoja na jalada lake. Upande wa pili alikuwa binamu yangu, mtoto wa shangazi, mhadhiri wa chuo kikuu pale Kasapa, ambaye aliacha kuamini Mungu mwaka ule ule alioanza kuvaa tai. Huyu alifundisha kwamba ulimwengu ulipasuka wenyewe kutoka katika kitu kidogo kuliko punje ya mtama. Baba mdogo akamwuliza nani aliipanda punje. Binamu akasema swali hilo halina maana. Baba mdogo akasema lina maana sana, hata mtoto wa Mitwaba anajua mtama haujipandi. Vijana wakapiga makofi, kwanza huku, kisha kule. Marehemu alikuwa mochwari hajazikwa, na wao walikuwa wamekwisha kurudi nyuma miaka isiyohesabika, na kila waliporudi kula walikula vizuri.

Siku ya tatu, tulipokwisha kuzika, mjadala ukaingia ndani. Baba mdogo akasimama sebuleni, mbele ya mkeka, na akatumia sauti ya mimbarani.

“Bandugu, hakuna kintu inatoka mu bure. Kaka yangu amekufa. Alikufa na nini? Na sukari. Sukari ilipanda juu ya nini? Juu alikunywa munkoyo. Munkoyo ilitoka wapi? Ku mukono. Sasa miye nauliza tu: mukono ya nani?”

Hakumtazama mama. Hakuhitaji, watu thelathini walimtazama kwa niaba yake.

Nikaielewa hoja kabla hajaimaliza, kwa kuwa niliijua hatua kwa hatua. Ilikuwa yangu. Alichofanya ni kuishusha kutoka mbinguni na kuiweka sebuleni. Na jambo aliloliwinda lilikuwa wazi. Siku ya kuondoa kilio, shangazi mkubwa, dada mkubwa wa baba, angetamka neno la ukoo juu ya mjane. Mjane asiye na lawama hubaki katika nyumba yake. Mjane ambaye kifo “kimetoka mkononi mwake” hupewa mkeka wake na kurudishwa kwao, na nyumba humwendea ndugu wa marehemu. Mama hakuwa na kwao. Waliokuwa kwao walikuwa makaburini. Alikuwa na nyumba ile ya vyumba vitatu aliyoipaka chokaa kila mwaka kwa mikono yake, na siku nne.

Nilimfuata binamu yangu nje. Alikuwa ameshika sahani, anangoja bukari, ndio ugali wetu.

“Umesikia ile?” nikamwuliza.

“Nimesikia, yaya,” akasema, kwa heshima ya dada mkubwa. “Vraiment, ile hoja iko na kasoro mbili. Moja, anachanganya sababu na nafasi tu ya kintu kutokea. Ya pili...”

“Uiseme mbele yao. Wewe wanakusikiliza. Mimi ni mtoto wa yule wanayemshtaki.”

Akatazama sahani yake. “Eh, yaya. Ile sasa ni mambo ya famille. Miye siingiliake.”

Huyo ndiye mkana Mungu wetu. Mwenyezi, Muumba wa vyote, alimwondoa kwenye kiti chake kwa sentensi mbili, bila hofu. Lakini mjomba wake mwenye jalada la plastiki hakuweza kumgusa. Aliletewa bukari na samaki, akanawa mikono, na sikumwona tena akikohoa neno hadi mwisho.

Na mimi? Msidhani najiacha. Siku nne zile nilifanya ninachojua kufanya: nilijiandaa. Nilikaa miongoni mwa wanawake na kulitunga kichwani jibu refu lenye sehemu tatu. Nililisahihisha. Niliondoa neno, nikalirudisha. Niliona kwamba katika sehemu ya pili nilikuwa nimechukulia kuwa kweli jambo lililopaswa kuthibitishwa, nikaanza upya. Kila nilipoinua kichwa, mama alikuwa anatazama miguu ya watu.

Siku ya saba ikafika. Asubuhi ilikuwa ya baridi, kama zilivyo asubuhi zetu za kiangazi, na watu walijifunika vitenge mabegani. Shangazi mkubwa akakalishwa kwenye kiti chenye mikono. Baba mdogo akafungua jalada. Nikaona wino wangu wa buluu umefifia, nikaona nambari zangu nzuri za msichana, nikaona pembe za karatasi zimelainika kwa vidole vyake. Akasoma hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akapiga kidole kwenye ya nne.

“Mutoto wa ndani ya hii nyumba njo aliandika. Universitaire! Haina miye. Nasoma tu. ‘Mnyororo hauwezi kurudi nyuma bila kikomo, lazima uishie mahali.’ Iko uongo, mwanangu?”

Watu wote wakageuka kunitazama. Hapo ndipo palipokuwa mahali pa sehemu zangu tatu. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni: “Inategemea.”

“Inategemea!” akarudia baba mdogo, na hata mimi ningecheka.

Ndipo alipoingia marehemu.

Aliingia akiwa amevaa salopeti, ovaroli yake ya kazini, kofia ngumu kichwani, miwani yake kwenye ncha ya pua, akivuta mguu wa kushoto na kukohoa kile kikohozi chake cha mara mbili. Watoto walipiga kelele. Alikuwa jirani yetu wa nyumba ya nne, mama mnene anayeuza maandazi, mtu wa ukoo wa Mvua. Baba na ndugu zake ni wa ukoo wa Udongo, na Mvua na Udongo ni watani tangu mababu: Mvua husema bila sisi nyie ni vumbi, Udongo hujibu bila sisi nyie ni tope lisilo na pa kukaa. Katika kilio, mtani ana ruhusa ambayo askofu hana. Anaweza kuvaa nguo za marehemu, kumwigiza, kumtukana, kuwatukana waliobaki. Na anayekasirika amekwisha kujihukumu mwenyewe.

Alikwenda moja kwa moja kwenye mkeka na kumsukuma mama kwa nyonga.

“Sogea, bibi. Miye njo nimekufa, haina weye. Unanikalia nafasi.”

Akalala chali, kofia ngumu tumboni. Shangazi mkubwa alifunika mdomo kwa kitenge. Baba mdogo akajaribu kutabasamu.

“Ba Mvua, mutuachie kidogo. Leo tuko na kazi.”

“Kazi gani, mudogo wangu? Nimetoka mbali na miguu, banasema uko unatafuta mwenye aliniuaka. Nimekuja kukusaidia. Nilikuwa pale.” Akajinyanyua kwa kiwiko. “Endelea. Nilikufa na nini?”

“Na sukari!” wakajibu watu, kama kanisani.

“Sukari ilitoka wapi?”

“Mu munkoyo!”

“Munkoyo?”

Baba mdogo hakuwa na budi. “Ku mukono ya bibi yako.”

“Muzuri. Na bibi yangu alitoka wapi?”

Baba mdogo akageuza karatasi.

“Nauliza. Hakuota mu lupango sawa mupapai. Nani alimuleta?”

“Pale inaishia,” akasema baba mdogo. “Lazima iishie pahali.”

“Juu ya nini inaishia pale? Juu pale njo umechoka?” Akakaa wima sasa, akirekebisha miwani, akidai aambiwe kwa nini. “Miye niko maiti, sina haraka. Nani alienda kule kwa baba yake huyu mama, na sahani mbili, na kitambaa nyeupe juu, akapiga magoti, akasema, ‘Tumeona moto ku kwenu, tumekuja kuomba kaa moja’? Nani alikuwaka shibukombe?”

Shibukombe ni mshenga, yule atumwaye kuposa kwa niaba ya mwoaji. Hapakuwa na mtu chumbani asiyemjua shibukombe wa ndoa hiyo, kwa sababu alikuwa amejisifia kazi hiyo katika kila harusi kwa nusu karne. “Hii nyumba miye njo niliianzisha,” ndivyo alivyopenda kusema, glasi mkononi.

“Ni weye!” akapaza mtu kutoka dirishani. “Pasta, ni weye!”

“Tena alisema mutoto muzuri, anajua kupika munkoyo!” akaongeza mwingine, na chumba kikapasuka.

“Basi!” mtani akapiga kofia ngumu kama ngoma. “Sukari, munkoyo, mukono, bibi, shibukombe. Lazima iishie pahali, eh? Iishie kwako, iko unakaa karibu. Muuaji wangu, mudogo wangu wa kunyonya ziwa moja!”

“Lakini miye nilitumwa!” akalia baba mdogo, na hapo, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini ya kuhubiri, akapiga hatua moja zaidi ya ile niliyomwandikia. “Nilitumwa! Weye njo ulinituma!”

“Ah.” Mtani akajilaza tena, polepole, akaweka kofia usoni. Sauti yake ikatoka chini ya kofia. “Kumbe ni miye. Na munkoyo pia, sasa nakumbuka: kikombe iliingia mu kinywa yangu, haina ya bibi. Nimejiua mwenyewe na utamu. Mutoke, niachieni nilale.”

Shangazi mkubwa alikuwa analia kwa kucheka. Alipopata pumzi alijifuta macho, akamnyooshea mama mkono kumwinua kutoka mkekani, na akatamka alilopaswa kutamka kwa maneno machache kuliko hatua ya kwanza ya hoja yangu: “Kilio imeisha. Mayo huyu atabakia mu nyumba yake. Leteni bukari.”

Baba mdogo alicheka pamoja na wote. Hakuwa na njia nyingine, na alicheka vibaya, kama mtu anayeng’olewa jino. Aliondoka mapema, akasahau jalada lake kitini.

Alasiri ile niliosha sufuria pamoja na mama uani. Kwa siku saba hakuwa amesema, na sauti yake ilikuwa inakwaruza.

“Weye ulisoma ile mambo miaka ngapi?”

“Mitano, mama.”

“Na kufundisha?”

“Ishirini na saba.”

Akasugua sufuria. “Na ulikuwa unakaa pale, nyuma yangu, siku zote nne?”

“Nilikuwa natafuta jibu.”

“Yule mama wa maandazi,” akasema, “hakutafuta. Alivaa tu salopeti.” Hakusema kwa ukali. Heri angesema kwa ukali.

Tangu utotoni nimemwona mama akisali kila asubuhi kwa sentensi nne au tano, zisizo na “kwa hiyo” hata moja. Sijui kama kuna anayemsikia. Nilipokuwa na miaka ishirini nilijua kwamba yupo, nikiwa na thelathini nilijua kwamba hayupo, na mara zote mbili nilikuwa na nambari za kuthibitisha. Ninachojua sasa ni kidogo zaidi: kama yupo, sidhani alifurahi kusimamishwa juu ya karatasi zangu, na kama hayupo, karatasi zile bado zilikuwa na nguvu ya kumfukuza mjane.

Nililichukua jalada. Upande wa nyuma wa karatasi ya mwisho ulikuwa mtupu, pale ambapo mapingamizi yangekaa. Nikachukua kalamu. Niliyajua yote, ya zamani na ya siku hizi, na majina ya wenye kuyatunga. Sikuandika hata moja lao. Niliandika sentensi ya mama wa maandazi, kama alivyoisema: Juu ya nini inaishia pale? Juu pale njo umechoka?

Baba mdogo alirudi Jumapili ya pili, baada ya ibada, kuchukua mali yake. Mama alimkaribisha kitini, akaenda ndani, akarudi na kikombe cha munkoyo. Kama ada inavyotaka, alionja yeye kwanza, mbele ya macho yake, kisha akapiga magoti yake mabovu na kumpa kwa mikono miwili. Nikampa jalada. Hakulifungua, alilibana kwapani.

Alikitazama kile kikombe kwa muda. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, mama bado amepiga magoti, anangoja. Kisha akanywa. Akanywa hadi chini, akafuta mdomo, na akaomba aongezewe.